Wakili Aliyetuomba Tumpishe Baba

Tulikuwa watoto wanne na baba yetu ndani ya ofisi yenye viti vitatu. Kaka alikuwa ameshika bahasha ya hati ya nyumba. Mimi nilikuwa na vyeti, vitambulisho na orodha ya maswali niliyoiandika usiku wa kuamkia siku hiyo. Wadogo zetu wawili, wa kike na wa kiume, walisimama wameegemea ukuta. Baba alikaa katikati, kofia mapajani, akitusikiliza tunavyomweleza wakili mambo yake yeye utadhani hayupo.

Wakili, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alituacha tuseme. Hakuandika chochote. Tulipoishiwa maneno alimgeukia baba, akavuta kiti chake karibu naye, akasema: "Mzee wangu, mteja wangu ni wewe. Watoto nawaomba watupishe kidogo, tuzungumze wawili."

Tulikaa kwenye benchi la korido saa nzima na robo. Kaka alinuna. Mimi nilikasirika kuliko yeye, kwa kuwa miadi niliiweka mimi, ada niliilipa mimi, na sasa nilijiona nimewekwa kundi moja na watu wanaokuja kumpora mzazi wao.

Miaka sita imepita. Baba yu hai, ila siku nyingi hajui majina yetu. Katika yote ambayo wakili yule alitufanyia, na ni mengi, hakuna lililotufaa kama ule mlango aliotufungia usoni. Nimechelewa kulielewa, na ndiyo maana naandika.

Marafiki wengi huniuliza kama namjua wakili mzuri wa kumwandikia mama au baba wosia. Kila nikiulizwa nasikia lile swali tulilokwenda nalo sisi: tugawane vipi ili baadaye tusigombane. Ni swali halali, lakini ni swali la watoto. Swali la mzee mwenyewe huwa jingine kabisa: nitaishi vipi siku nitakapokuwa siwezi kusema, na nani atasema badala yangu? Wosia haulijibu. Wosia unalala kimya mpaka mwenye wosia afe. Kuna miaka mitano, kumi, hata kumi na tano ambayo mtu anapumua, anakula, ana akaunti benki na nyumba yenye jina lake, lakini hawezi kutia sahihi yenye maana, na katika miaka hiyo wosia hauna msaada wowote kwake.

Mawakili waliolifanya hilo kuwa fani yao wapo. Nchini Marekani walianzisha chama chao mwaka 1987, kinaitwa National Academy of Elder Law Attorneys, na fani yenyewe huitwa sheria ya wazee. Kuna nchi ambako jina hilo halitumiki na kazi hiyo hufanywa na mawakili wa mirathi, wa familia au wa ardhi. Ninayemtafuta mimi ni wakili anayejua kwamba mzee aliyeletwa na watoto wake bado ni mtu mzima mwenye neno la mwisho, hata kama bango la mlangoni kwake limeandikwa vingine.

Baba alinisimulia baadaye, kidogo kidogo, yaliyozungumzwa mle ndani. Wakili hakuanza na mali. Alimuuliza amelalaje, anasoma nini, nani humtembelea. Kisha akamuuliza ana watoto wangapi na yupi anafuata yupi. Akamuuliza ana nini na kiko wapi. Akamuuliza akiandika wosia leo, kesho wosia huo utafanya kazi gani. Baba alidhani ni maongezi ya kupasha moto. Kumbe ulikuwa ni mtihani, na mtihani wenyewe ni wa zamani.

Unatoka kwenye kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1870. Bwana John Banks alikuwa na maradhi ya akili. Aliamini kwamba mtu fulani aliyekwisha kufa siku nyingi alikuwa akimfuata na kumtesa, pamoja na mashetani. Hata hivyo aliandika wosia akamwachia mali mpwa wake aliyekuwa akiishi naye. Ndugu wakaupinga: mtu wa namna hiyo anaandikaje wosia? Mahakama, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Alexander Cockburn, ilisema wosia ni halali. Swali halikuwa kama mtu ana ugonjwa. Swali lilikuwa kama anaelewa maana ya kuandika wosia, anajua kwa ujumla mali aliyonayo, anawakumbuka watu wenye haki ya kutegemea kitu kutoka kwake, na kama ugonjwa wake haukuingia katikati kumgeuza moyo dhidi yao. Mashetani ya Bwana Banks hayakuwa na uhusiano wowote na mpwa wake. Basi wosia ukasimama, na kipimo hicho mpaka leo mahakama za nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zinakitumia.

Nampenda sana jaji huyu. Zaidi ya miaka 150 iliyopita alikataa kusema kwamba mtu akishaitwa mgonjwa basi amekwisha. Uwezo wa akili hauzimiki mara moja kama taa. Mzee anaweza kushindwa kukumbuka alichokula asubuhi na bado akajua barabara ni binti yupi amemuuguza na ni kijana yupi amekopa na hakurudisha. Wakili wa wazee anajua hilo, kwa hiyo anampa mzee miadi ya saa nne asubuhi wakati akili imechangamka, wala hampangii saa kumi jioni akiwa amechoka. Anaongea polepole bila kupaza sauti, labda kama mzee hasikii. Anauliza swali lile lile siku mbili tofauti aone kama jibu ni lile lile.

Mwisho wa siku ile alituomba tumpeleke baba kwa daktari, akapimwe na iandikwe kwamba anaelewa anachokifanya. Kaka akachukia: "Kwani baba kichaa?" Wakili akamjibu kwa upole kwamba anaomba hivyo kwa sababu baba si kichaa, na kuna siku mtu anaweza kuja kudai alikuwa. Baadaye nilikuta kwamba mawakili wa Uingereza huita utaratibu huo kanuni ya dhahabu. Jaji Templeman aliieleza mwaka 1975: wakili akimwandikia wosia mtu mzee sana au aliyeugua sana, hata kama kumwambia hivyo kunatia aibu, daktari amwone na aandike alichokiona. Karatasi ile ya daktari, ukurasa mmoja tu, imetulia kwenye faili la wakili hadi leo. Hakuna aliyewahi kuipinga. Nadhani kuwepo kwake kumetosha.

Ila daktari naye si malaika. Mwaka 1998 huko Uingereza bibi wa miaka 81 alifariki ghafla, na ukajitokeza wosia mpya uliopigwa chapa unaomwachia mali daktari wake, Harold Shipman. Binti wa marehemu alikuwa mwanasheria na ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo ya mama yake. Aliposoma karatasi ile alijua mama yake hakuandika maneno yale. Akaenda polisi. Januari 2000 Shipman alitiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa wake 15 na kughushi wosia ule. Nikiifikiria habari hii nasimama palepale kila mara: kilichomfichua ni mtu mmoja aliyekuwa anaijua sauti ya mama yake vizuri kiasi cha kutambua karatasi isiyo na sauti hiyo.

Turudi kwenye bahasha ya kaka.

Ndani yake ilikuwemo hati ya nyumba, na mpango wetu ulikuwa kuihamishia kwa jina lake baba angali hai. Tuliona ni akili. Baba akifa hakutakuwa na mahakama wala msimamizi wa mirathi. Nyumba itakuwa tayari iko kwa kaka, naye atatugawia. Kaka ni mwaminifu, sikuwa na shaka naye na sina hadi leo. Wakili alipotuita tena ndani hakutukemea. Alianza kuuliza. Kaka ana biashara? Ana mkopo? Biashara ikianguka, aliyemkopesha hataishika nyumba yenye jina lake? Ana mke? Ndoa ikivunjika, nyumba hiyo haitahesabiwa? Na kaka akitangulia kufa kabla ya baba (alilisema hili akimtazama kaka machoni, kwa heshima), nyumba itakwenda kwa warithi wa kaka, na baba atakuwa mpangaji kwa wajukuu zake, au kwa mlezi wao.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo la mwisho.

Kuna na jingine. Zipo nchi ambako serikali humlipia mzee asiye na uwezo gharama za kutunzwa, lakini kabla ya kulipa hukagua kama alikuwa na mali akaigawa. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2005 iliyoanza kufanya kazi mwaka 2006, mpango wa Medicaid huangalia miezi 60 nyuma. Mzee aliyempa mtoto nyumba bure ndani ya muda huo anaweza kukataliwa msaada wa makao ya wazee kwa kipindi fulani. Watoto walioharakisha kuiokoa nyumba ndio wanaomwacha mzazi bila nyumba na bila msaada. Pale ambako mpango kama huo haupo, kosa hubaki lile lile kwa sura nyingine: mzee ametoa kitu pekee kilichokuwa kinamfanya asikilizwe.

Nisieleweke vibaya. Kuna wakati kumpa mtoto mali mapema ni sawa, na wakili mzuri ana njia. Anaweza kuiandika zawadi huku baba akibakiza haki ya kuishi humo maisha yake yote, na haki hiyo ikasajiliwa. Anaweza kuiweka mali kwa wadhamini, iwe amana, wenye wajibu wa kuitumia kwa faida ya baba kwanza na watoto baadaye. Lakini zote hizi zinaanza na baba mwenyewe kutaka. Wakili alimuuliza baba, mbele yetu sasa, kama anataka kuitoa nyumba. Baba akageuza kofia mapajani, akasema: "Mimi sikuomba. Niliambiwa ndivyo inavyofanywa."

Kaka aliirudisha hati ndani ya bahasha. Sikuweza kumtazama baba.

Tulichoondoka nacho baada ya miadi mitatu ni karatasi nne, na wosia ndio uliokuwa mfupi kuliko zote. Iliyochukua muda ni hati ya uwakilishi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nimeona familia zilizosoma na zenye pesa zikiumia kwenye hili tu.

Watu wengi wanajua kwamba mtu anaweza kumwandikia mwenzake hati ya kumruhusu kumsimamia mambo yake: kuuza kiwanja, kutoa fedha, kusaini mkataba. Wasichokijua ni kwamba, kwa kanuni ya zamani ya sheria ya Kiingereza, hati ya kawaida ya namna hiyo hufa pale aliyeitoa anapopoteza akili zake. Mwakilishi anasimama mahali pa aliyemtuma. Aliyemtuma akiwa hawezi tena kutuma, hakuna uwakilishi. Yaani inakatika siku ile ile inapohitajika. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1985 ya kuruhusu hati inayodumu, na mwaka 2007 ikaibadilisha kwa nyingine, moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na matunzo. Na angalia sharti walilolitia: lazima mtu wa tatu athibitishe kwamba anayetoa hati ameelewa na hajashinikizwa. Mlango uleule wa ofisi ya wakili, safari hii umeandikwa ndani ya sheria.

Wajapani nao, tangu mwaka 2000, wana mkataba wa ulezi wa hiari: mtu angali na akili zake humchagua atakayemlea kisheria, lakini mamlaka hayaanzi mpaka mahakama ya familia imteue msimamizi wa kumchunga huyo mlezi. Nimeipenda hekima hiyo ya kumchunga mchungaji. Ujerumani mwaka 1992 ilifuta kabisa utaratibu wa kumtangaza mtu mzima kuwa hana hadhi ya kisheria, ikaweka wa kumsaidia katika mambo anayoshindwa tu. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika ibara ya 12, unasema mtu mwenye ulemavu ana haki sawa na wengine mbele ya sheria na asaidiwe kuitumia. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, muulize wakili: katika nchi hii, hati hii itadumu akili zikipotea? Akisitasita kulijibu hilo, mshukuru uende kwingine.

Pasipokuwa na hati, njia inayobaki ni mahakama. Ndugu mmoja anaomba ateuliwe kuwa mlezi, mwingine anapinga, ushahidi wa udhaifu wa mzee unasomwa mbele ya watu. Inachukua muda na fedha, na mwishowe anayemchagua mlezi ni hakimu asiyemjua mzee hata kidogo.

Baba alimchagua nani? Sote tulijua angekuwa kaka, mkubwa na mwenye uwezo. Au mimi, niliyebeba orodha. Alimchagua mdogo wetu wa kike, na mimi nikawa wa akiba iwapo yeye atashindwa. Kaka hakuandikwa popote kwenye hati ile. Ilimuuma sana, alikaa miezi bila kulizungumza. Wakili alikuwa amemwomba baba aeleze sababu na akaziandika kwa maneno yake mwenyewe, ukurasa mmoja, ili asije mtu akasema binti alimrubuni. Baba alisema hivi: "Mkubwa wangu ana haraka, na mimi nitakuwa mtu wa polepole. Huyu wa tatu anajua kusubiri." Tuliposomewa, mwaka mmoja baadaye, hakuna aliyebisha. Ni kweli. Ndivyo walivyo tangu wakiwa watoto.

Karatasi ya matibabu aliimaliza haraka kuliko nilivyotarajia. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa kuizungumzia. Wakili alimsimulia habari ya Terri Schiavo, mwanamke wa Florida aliyeanguka mwaka 1990 akiwa na miaka 26, ubongo ukaharibika, akabaki akilishwa kwa mrija. Hakuwa ameandika neno. Mume alisema mke wake asingetaka kuishi hivyo. Wazazi wakasema angetaka. Walishtakiana miaka na miaka, bunge na rais wakaingia, hadi alipofariki tarehe 31 Machi 2005. Baba alisikiliza, akauliza: "Nani alikuwa mkosaji?" Wakili akamwambia labda hakuna, wote walikuwa wanampenda. Baba akaanza kutaja anachotaka na asichotaka, na mwishoni akasema jambo ambalo wakili aliliandika kama lilivyo: watoto wasigombane mbele ya kitanda changu, hata kama nimelala.

Karatasi ya nne nitaifikia.

Kuna dogo ambalo nusura lituponyoke. Wakili aliagiza tulete kila fomu ambayo baba aliwahi kujaza: bima, pensheni, akiba. Tuliona anatusumbua, wosia si umeandikwa kila kitu? Hapana. Fedha za bima na za pensheni mara nyingi humfuata mtu aliyeandikwa kwenye fomu, wosia useme usemavyo. Kesi ya Egelhoff iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2001 ilihusu mtu aliyeachana na mkewe mwaka 1994, akafa kwa ajali mwaka huo huo kabla ya kubadilisha fomu. Bima na pensheni ya kazini vikaenda kwa mtalaka, watoto wa ndoa ya kwanza wakakosa. Kwenye fomu moja ya baba mnufaika alikuwa mama yetu, aliyefariki miaka kumi na moja nyuma. Nyingine ilikuwa na jina la baba mdogo, ilijazwa kabla sisi hatujazaliwa. Zilirekebishwa kwa asubuhi mbili.

Sitaki kuwasifu mawakili kupita kiasi. Baba alikuwa wa kwanza kunionya, kwamba mtu anayeandika karatasi zako anakujua uchi. Brooke Astor, tajiri wa New York aliyejulikana kwa kutoa misaada, alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2006 mjukuu wake alikwenda mahakamani kulalamika jinsi bibi anavyotunzwa. Bibi alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 105, na mwaka 2009 mwanawe wa pekee alitiwa hatiani pamoja na wakili, Francis Morrissey. Wakili kwa kosa la kughushi sahihi ya bibi kwenye nyongeza ya wosia, pamoja na mengine. Hapo mwana na wakili walikuwa upande mmoja wa mlango na mzee peke yake upande wa pili. Kwa hiyo wakili anayekubali maelekezo ya mtoto bila kumwona mzee faraghani ni wa kukimbiwa, hata kama mtoto huyo ni wewe na nia yako ni safi.

Wengine hawaibi, wanachelewa tu. Mzee mmoja Mwingereza aligombana na binti zake wawili akawatoa kwenye wosia, kisha wakapatana, na katikati ya Julai 1986 akawaagiza mawakili waandike mwingine wa kuwapa pauni 9,000 kila mmoja. Mawakili walivuta miguu. Alifariki tarehe 14 Septemba, wosia mpya haujaandikwa. Kesi ya White dhidi ya Jones ilifika Bunge la Mabwana, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na mwaka 1995 mawakili wakaamriwa kuwafidia mabinti. Wengine hawaangalii: mume na mke, Bwana na Bibi Rawlings, mwaka 1999 walipewa karatasi za kusaini na kila mmoja akasaini wosia wa mwenzake, wakili akiwa chumbani. Haikugunduliwa mpaka wote wawili wamekufa, na ikabidi Mahakama ya Juu ya Uingereza inyooshe mambo mwaka 2014. Tangu niisome hiyo, nikisindikiza mtu kusaini, nasoma jina juu ya karatasi kwa sauti.

Na muulize wakili nakala halisi itakaa wapi. Kwa sheria ya Kiingereza, wosia uliokuwa mikononi mwa mwenyewe ukikosekana baada ya kifo, huchukuliwa kwamba aliuharibu makusudi mpaka ithibitishwe vingine. Aretha Franklin alifariki Agosti 2018, wote wakiamini hakuacha wosia. Mwaka 2019 zikaonekana karatasi za mkono wake ndani ya nyumba, mojawapo chini ya mto wa kochi, na watoto wakafika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, ambalo mwaka 2023 liliamua kwamba hiyo ya kochi, ya mwaka 2014, ndiyo yenye nguvu.

Kuna wasomaji watakaosema, sisi mgawo wetu umekwisha kupangwa, wakili wa nini? Kwa Mwislamu mafungu ya warithi yamo ndani ya Qur'ani, na wasia wa hiari hauvuki theluthi wala haumwendei mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake. Ufaransa nayo imewawekea watoto fungu lao: nusu ya mali akiwa mmoja, theluthi mbili wakiwa wawili, robo tatu wakiwa watatu au zaidi. Sawa. Lakini mafungu hayasemi nani atakulipia dawa ukiwa hujui tarehe. Hayaandiki madeni yako yalipo, na deni hulipwa kabla ya mgawo. Huko ndiko wakili wa wazee anakofanyia kazi, na huko sote tuko sawa, mwenye mgawo na asiye na mgawo.

Sasa karatasi ya nne. Haina nguvu ya kisheria, wakili alitwambia hivyo wazi. Ni barua tu. Baada ya yote, alimuuliza baba: "Mzee wangu, siku yako nzuri huwa ikoje?" Kisha akaandika anachoambiwa, bila kurekebisha. Dirisha lifunguliwe asubuhi. Wasimwite kwa jina la mtoto mdogo. Redio isizimwe ghafla katikati ya habari. Wanaomjia wamwambie wao ni nani kabla hajauliza. Na hili: "Nataka kunyolewa ndevu kila asubuhi, hata nitakapokuwa sijui kama ni asubuhi."

Mdogo wetu wa kike ndiye mwenye hati. Yeye ndiye anayekwenda benki, anayezungumza na madaktari, anayesaini, na anayesubiri. Barua ile ameibandika ndani ya kabati ya baba, mahali ambapo kila anayeingia kusaidia ataiona.

Ndevu ananyoa kaka. Hakuombwa na mtu. Alianza wiki ya pili baada ya baba kuacha kutujua, na sasa anafika kabla jua halijachomoza, anafungua dirisha, anakaa mbele yake na beseni. Kila siku anasema jina lake kwanza. Ananyoa polepole.